Namna ya kupinga hoja kikaoni bila kugombana na mwenye hoja

Kikundi cha kuweka na kukopa, mkiite vicoba, chama au hisa, ni mahali pagumu kubishania jambo. Mnaobishana ni majirani. Aliyekudhamini mkopo mwezi uliopita ndiye ambaye leo unataka kupinga wazo lake, na keshokutwa mtakutana tena msibani. Matokeo yake watu wengi hufanya moja kati ya mawili: ama wanafoka, ama wanasema "tumekubali" halafu wanaanza kunung'unika njiani kurudi nyumbani. Kwa maoni yetu hilo la pili ni baya zaidi. Ugomvi wa kikaoni una mwenyekiti wa kuutuliza, manung'uniko ya njiani hayana mtu.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kikundi kina wanachama 24 na mfukoni kuna shilingi 6,000,000. Mwanachama mmoja anapendekeza pesa zote zinunue viti 200 vya plastiki, kila kimoja sh. 16,000, na maturubai mawili ya sh. 1,400,000 kila moja, vikodishwe kwenye shughuli. Anasema: "Kila wikendi laki moja na nusu. Mwaka hauishi, pesa imerudi." Tarakimu hizi ni za mfano, wewe weka bei za kwenu.

Pima hoja kwanza ukiwa peke yako, na karatasi

Andika dai kwa sentensi moja, kwa maneno ambayo mwenye dai mwenyewe angeyakubali. "Tukinunua viti na maturubai kwa 6,000,000, pesa itarudi ndani ya mwaka mmoja." Ukishindwa kuliandika hivyo, bado huna cha kupinga. Una wasiwasi tu, na dawa ya wasiwasi ni kwenda kuuliza.

Chini ya dai orodhesha mambo ambayo lazima yawe kweli ili lisimame. Kwa viti ni haya: kila wikendi kuna mteja, mteja analipa 150,000, kubeba na kupanga hakugharimu kitu, viti havivunjiki wala havipotei, na anayekusanya pesa anaifikisha yote. Dai likishatawanywa hivi utaona lipi ni imara na lipi limechukuliwa hivi hivi.

Sasa piga hesabu. Laki moja na nusu mara wikendi 52 ni 7,800,000, kwa hiyo mwenzako hajadanganya. Hesabu yake ni sahihi iwapo masharti yote yatatimia. Lakini mwezi wa Ramadhani harusi za Waislamu husimama, Kwaresima hupunguza harusi za makanisani, na masika ya Machi hadi Mei huharibu shughuli nyingi za uwanjani. Tuseme wikendi 13 zinapotea, zinabaki 39. Katika hizo mteja apatikane mara mbili kati ya tatu, yaani mara 26. Hiyo ni 3,900,000. Toa usafiri na vibarua sh. 40,000 kila safari, jumla 1,040,000. Toa viti 15 vya kufidia vilivyovunjika na "vilivyosahauliwa" kwenye shughuli za watu, 240,000. Inabaki 2,620,000 kwa mwaka. Kwa mwendo huo pesa itarudi baada ya miaka miwili na miezi mitatu unusu.

Wengi wakifika hapa hufunga daftari wakijiona wameshinda. Usifunge. Hoja yako mwenyewe haijapimwa, na ndiyo unayoipenda, kwa hiyo ndiyo yenye hatari ya kukupofusha. Unasema tuendelee kukopeshana. Sawa: mkopo ni wa miezi mitatu, riba asilimia 10 ya mkopo wote. Kwa wastani theluthi mbili ya mfuko, yaani 4,000,000, iko mikononi mwa wakopaji. Riba ni 400,000 kila miezi mitatu, au 1,600,000 kwa mwaka iwapo wote wanalipa kwa wakati. Ni ndogo kuliko ile ya viti!

Tofauti ni kwamba kwenye mikopo zile 6,000,000 bado zipo, kwenye viti zimeshageuka plastiki inayochakaa. Bila kuzungusha tena faida ya upande wowote, baada ya miaka mitatu viti vitakuwa vimeleta 7,860,000 pamoja na viti vyenyewe vilivyochoka, na mikopo itakuwa imefikisha 10,800,000, mtaji ukiwamo. Viti vinapita mbele mwaka wa sita tu: 15,720,000 dhidi ya 15,600,000.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hizo hazionyeshi. Riba ya mikopo inatoka mifukoni mwenu wenyewe, mnalipana ninyi kwa ninyi. Pesa ya viti inatoka kwa watu wa nje. Hii ni hoja nzito ya upande wa pili, na inafaa uione mapema, hata kama mwenye wazo hakuisema vizuri. Anayepinga wazo kwa kushambulia sehemu yake dhaifu tu hupigiwa makofi siku hiyo, kisha wazo linarudi mwezi ujao likiwa na hasira.

Baada ya kazi hii ubishi wote unabaki kwenye mafundo mawili: viti vitadumu miaka mingapi, na vitakodiwa mara ngapi kwa mwaka? Hayo yana majibu, na majibu hayapo kwenye kikao. Yapo kwa watu watatu au wanne wanaokodisha viti mitaa ya jirani. Nenda, angalia vile vya zamani kabisa, uliza vilinunuliwa lini na vingapi vimebaki. Omba kuona daftari la kukodisha kama mwenyewe ataridhia. Angalia miezi ya shughuli nyingi na ya ukame, usichukue mwezi mmoja ukauita mwaka.

Jiulize swali la mwisho kabla ya kwenda kikaoni: nikiambiwa nini nitabadili msimamo? Liandike jibu. "Nikionyeshwa viti vya miaka saba vinavyokodiwa zaidi ya mara 30 kwa mwaka, nitaunga mkono." Ukikuta hakuna kitu kitakachokubadilisha, basi unachokitetea si hesabu, na ni vyema ujue hivyo kabla wenzako hawajajua.

Ushahidi unaodanganya bila mtu kusema uongo

"Shemeji yangu alianza na viti 50, leo amejenga." Inawezekana ni kweli tupu. Swali ni wangapi walianza pamoja na shemeji wakaacha. Hao huwaoni, maana walishauza viti vyao na hakuna anayesimulia habari zao. Usimwambie msemaji kwamba shemeji ni muongo. Muulize tu: "Na pale mtaani kwao, walikuwa wangapi wanaokodisha, na wamebaki wangapi?"

"Kila mtu anafanya." Watanzania wana mfano mzuri wa gharama ya sentensi hii. Wakati wa DECI, mpango wa upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009, watu "walipanda mbegu" za pesa wakisubiri kuvuna zaidi ya walichopanda. Waliojiunga hawakuwa wajinga: walikuwa wameona kwa macho yao jirani akilipwa. Malipo yale yalikuwa ya kweli. Lakini hayakuthibitisha walichodhani, kwa sababu yalitoka kwenye mbegu za waliofuata nyuma. Kwa hiyo kwa mpango wowote wa pesa swali la kwanza ni pesa inatoka wapi, na "fulani amelipwa" si jibu lake.

Mtego mwingine ni kuwekewa milango miwili. Viti au mikopo, chagueni! Hakuna sheria inayozuia viti 100 na turubai moja kwa 3,000,000, nusu nyingine ikaendelea kukopeshwa. Kabla ya kubisha kati ya mawili uliza kama la tatu lipo. Mara nyingi lipo, na lilifichwa na joto la ubishi wenyewe.

Cheo nacho kinadanganya kimya kimya. Mwalimu, mhasibu au shehe anapozungumza, sikiliza, lakini tazama kama anazungumzia kazi yake. Mhasibu anajua hesabu, huenda hajui viti vinavunjika kwa kasi gani.

Mnabishana nini hasa?

Watu wawili wanaweza kupigana kelele nusu saa kila mmoja akijibu swali lake. Kuna ubishi wa jambo lilivyo (viti hudumu miaka mingapi): huu unamalizwa kwa kwenda kuangalia, si kwa kuongeza sauti. Kuna ubishi wa maana ya neno. Mmoja akisema "faida" anamaanisha pesa yote iliyoingia, mwingine pesa iliyobaki baada ya gharama, na wanaweza kuwa wanakubaliana kabisa bila kujua. Uliza: "Ukisema faida, umeshatoa usafiri?"

Kuna ubishi wa kile mtu anachokithamini. Bibi wa miaka 65 anataka akiba yake iwe karibu siku akiugua, kijana anataka ikue. Hapo hakuna mwenye makosa, na hesabu haziwezi kuamua. Kinachowezekana ni kugawana: kiasi fulani kibaki cha dharura, kiasi fulani kiende kwenye mradi. Na kuna ubishi wa nani mwenye mamlaka ya kuamua. Huo haujadiliwi kwa hisia, fungueni katiba ya kikundi. Tanzania, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi hivi viko daraja la nne na vinatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo katiba si karatasi ya kupamba kabati la katibu. Kama haisemi lolote kuhusu kununua mali, hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kiti hata kimoja.

Kwenye mfano wetu kuna swali la utaratibu ambalo ni rahisi kulisahau. Vikundi vingi huvunja mzunguko na kugawana kila mwaka. Viti vinahitaji karibu miaka sita. Mwanachama akiondoka mwaka wa pili, sehemu yake ya viti inalipwaje? Ukilipeleka swali hili kikaoni utakuwa umesaidia pande zote mbili, na hakuna atakayekuona adui.

Kuisema hoja

Tazama kisa hiki kwa karibu. Mwenye wazo amemaliza kueleza, laki moja na nusu kila wikendi. Mtu anadakia: "Dada, hiyo hesabu haipo. Masika nani anakodi viti?" Alichosema ni sahihi kwa sehemu kubwa. Lakini neno "haipo" limemtangaza dada kuwa muongo mbele ya watu 22 wengine, na kuanzia hapo hatetei tena viti, anatetea heshima yake. Atakuja na shemeji, atakuja na mwalimu, atakukumbusha na marejesho yako ya mwaka juzi.

Sasa hoja ile ile kwa mpangilio mwingine:

"Mwenyekiti, naomba nafasi. Dada, nimekuelewa hivi, unisahihishe. Unaona pesa yetu inazunguka humu humu, tunalipana riba wenyewe, na viti vitaleta pesa ya watu wa nje. Ndivyo?"

Nyamaza mpaka aseme "ndivyo". Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi, na bila hiyo zinazofuata hazifanyi kazi. Akisema "si hivyo hasa", mwache aeleze tena, kisha ujaribu upya. Anayesikia hoja yake ikisemwa vizuri na mpinzani hana sababu ya kuirudia kwa kelele.

"Hapo niko pamoja na wewe. Nina swali kwenye hesabu. Ile laki na nusu ya kila wikendi, umehesabu na wikendi za Ramadhani na masika?"

Angalia kwamba ni swali moja, juu ya tarakimu moja. Ukimimina matano kwa mpigo atajibu lile jepesi, na wasikilizaji watadhani amejibu yote. Anza na lile lenye uzito mkubwa kuliko yote.

Akijibu, "Hapana, hizo sijazitoa," hapo ndipo watu huharibu. Usigeuke kwa wenzako ukasema "mnaona!" Sema: "Basi tuzitoe pamoja tuone inabaki ngapi," katibu apige hesabu kwa sauti, kila mtu asikie. Tarakimu ikishushwa na daftari la kikundi, hakuna aliyeshindwa na mtu.

Anaweza pia kujibu, "Nimehesabu. Masika ndipo maturubai yanatafutwa zaidi, kwa sababu misiba haisubiri jua." Hilo hukulifikiria. Basi litamke: "Hilo sikulifikiria, naomba niongeze kwenye hesabu yangu." Kunyamaza na kurukia swali lingine kunawaonyesha wote kwamba hukuja kupima, ulikuja kushinda.

Kuna wanaoona kuulizwa ushahidi ni kutuhumiwa. Wakumbushe kisanduku cha kikundi. Kina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, na mweka hazina hajawahi kuona ni tusi. Swali la "tumejuaje?" ni kufuli ya namna hiyo.

Maneno yanayowasha moto yanajulikana, ila huponyoka. "Wewe huelewi" libadilishe kuwa "labda sijaeleza vizuri". "Siku zote wewe..." liache kabisa, maana linaleta mezani miaka mitatu iliyopita. "Watu wanalalamika" ni baya kuliko linavyoonekana: kila mmoja ataanza kutazama pembeni kujua ni nani. Sema "mimi nina wasiwasi" au unyamaze. "Wazo zuri, lakini..." limezoeleka mno, kila mtu anasubiri kilicho nyuma ya lakini. Afadhali utenganishe: taja unachokubali, weka nukta, halafu uliza unachokitilia shaka. Na deni la mtu lisiguswe kamwe katikati ya mada nyingine. Ni ajenda yake yenyewe, inaanzia kwa mweka hazina. Utani ni mali yetu na unapoza vikao vingi, ila si wakati tarakimu za mtu ziko kwenye mizani. Hapo hata mtani wako hacheki.

Mwenye hoja akiwa mkubwa wako

Kumsahihisha mzee hesabu mbele ya watu ni kumvua nguo, hata ukitanguliza shikamoo. Mwendee jioni ya kabla ya kikao. "Mzee, lile wazo lako nimejaribu kulipigia hesabu, kuna mahali pamenishinda, nimekuja unisaidie." Mpe karatasi, mfuatane mstari kwa mstari. Huenda akagundua pengo mwenyewe na kesho akalisema yeye, na hapo umepata marekebisho bila kuvunja heshima. Huenda pia akakuonyesha kwamba wewe ndiye uliyeacha kitu.

Kuna watakaoita huu unafiki. Si unafiki ikiwa unachomwambia barazani kwake ni kile kile ungekisema kikaoni. Unavuka mpaka pale unapoanza kuzungukia nyumba kumi ukipanga kura. Hiyo ni njama, na ikijulikana (hujulikana) hoja yako itakataliwa hata kama ni sahihi.

Kama mwenye hoja ni mkweo, usiulize wewe. Andika swali, mpe mwanachama mwingine au katibu alisome miongoni mwa maswali ya wanachama. Na wewe mkubwa unayesoma hapa: ukisema "swali zuri" kwa kijana wa kwanza atakayekuuliza, wengine watauliza. Ukimkazia macho, hutapata swali lingine mpaka hasara itakapoingia.

Kazi ya mwenyekiti

Mada ya pesa nyingi ipewe muda unaojulikana. Dakika 45 zinatosha: 10 za mwenye wazo, 10 za maswali ya kuelewa tu, 20 za kuchangia, 5 za kura. Ule muda wa maswali ya kuelewa usiunganishwe na wa kuchangia. Ni rahisi kupinga kitu ambacho hujakisikia hadi mwisho, na nusu ya malumbano hutoka hapo. Kila mchangiaji apate dakika mbili, kwa hiyo ni watu kumi. Aliyekwisha kusema asirudi mpaka wanaotaka waishe.

Waanze wadogo na wageni, wamalizie wazee na viongozi. Mwenyekiti akitoa maoni yake kwanza, mjadala umekwisha, yanayofuata ni mwangwi. Kama ana msimamo mkali, ampishe makamu aendeshe mada hiyo.

Kura ya mikono inafaa kwa kupanga siku ya kikao. Kwa pesa tumieni kura ya siri, na haihitaji karatasi. Kila mtu apewe punje moja ya mahindi (ndiyo) na moja ya maharage (hapana). Mifuko miwili isiyoonyesha ndani: anayechagua anaingiza mkono uliofumba, anaacha punje ya kura kwenye mfuko wa kwanza, nyingine kwenye mfuko wa pili ili asibaki na kitu mkononi. Hesabuni mfuko wa kwanza mbele ya wote. Lazima zitoke 24, zikiwa 23 au 25 mnarudia.

Kura 13 kwa 11 ni ushindi wa kisheria, lakini kutumia mfuko wote kwa ushindi huo ni kujitafutia matatizo, kwa sababu wale 11 wanaweza kuanza kudai hisa zao. Kwa matumizi makubwa wekeni kwenye katiba theluthi mbili, yaani 16 kati ya 24. Msipofika, rudini kwenye lile la nusu viti, nusu mikopo, au mtume watu wakaangalie yale mafundo mawili, kisha mkae tena wiki mbili baadaye.

Pakichafuka

Dalili huja kabla ya matusi: watu wawili wanasema kwa pamoja, mtu anaitwa kwa jina kamili badala ya "mama fulani", au linatajwa kabila, dini au ndoa ya mtu. Mwenyekiti asimamishe mada dakika kumi, watu wanyooshe miguu. Mkirudi, katibu asome sentensi ya dai ilivyoandikwa, mwendelee hapo, si pale kelele zilipoishia.

Tusi likishatoka, msiahirishe kikao kwanza. Aliyetukana aombe radhi palepale, mbele ya walewale waliosikia, kwa kifupi. "Nimekosea kusema vile, nisamehe." Ile ya "kama nimekukosea" si radhi, inamtupia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba aliumia. Akigoma, mtu wa makamo anayeheshimiwa na pande zote awaendee ndani ya siku tatu, kila mmoja kwake, kabla hawajakutana. Na mada yenyewe isifutwe kwa sababu ya ugomvi. Ikifutwa, mtakuwa mmewafundisha watu kwamba wazo wasilolitaka linazuiwa kwa fujo.

Kundi la wasap litumike kutuma hesabu, picha ya daftari na tarehe ya kikao tu. Msibishane humo. Sauti iliyorekodiwa saa tano usiku husikilizwa na watu wasio wanachama, na hata ukiifuta huenda imeshasikika. Ukijikuta unamjibu mtu mmoja mara ya tatu, mpigie simu.

Baada ya uamuzi

Katibu aandike zaidi ya "wajumbe wamekubali". Aandike tarakimu zilizotumika na kile kitakachoonyesha kwamba mmekosea. Kwa mfano: "Tumenunua viti 100 na turubai moja kwa sh. 3,000,000. Tunatarajia kukodisha mara 13 ndani ya miezi sita. Zikiwa chini ya 9, hatuongezi vingine na mada inarudi kikaoni." Tarehe ya kurudi iandikwe hapohapo, na isomwe kwenye kila kikao pamoja na salio la mfuko.

Daftari la kukodisha litunzwe na watu wawili, mmoja kutoka waliounga mkono na mmoja kutoka waliopinga, wote wakitia saini kila viti vinapotoka na vinaporudi. Waandike idadi ya viti, pesa iliyopokelewa, nauli ya mkokoteni au Kirikuu, na viti vilivyorudi na ufa.